Mstari wa Maji

Siku za hospitali, Izzati hakuhitaji saa ya kumwamsha. Aliamshwa na pua. Kwanza ilimfikia harufu ya wali wa buluu, ambao Mama aliupika kwa maua ya mtambaa uliopanda ukutani, apate kuwauzia watu wanaowahi kazini. Kisha ikafuata dawa ya kuchua ya Bibi, kali ya kutoa machozi. Mwishoni, honi ilipolia nje, uliingia uvundo wa samaki wa jana.

Uvundo huo ndio uliokuwa usafiri wa Bibi. Figo zake zilikuwa zimechoka kazi, na mara tatu kwa wiki ilimbidi aende mjini Kuala Krai, alale kando ya mashine ya kumsafisha damu. Kijijini kwao Pasir Jering hapakupita basi. Pikipiki ya Baba ilikwisha kumwangusha, siku aliyoshikwa na kizunguzungu. Basi alipanda gari la Kaka Deris, mchuuzi wa samaki, akakaa mbele na kreti la samaki miguuni.

"Naondoka mwanadamu, nafika kibua," Bibi alilalamika asubuhi ile, huku Izzati akimshika mkono apande. "Juzi nesi kanisogelea, karudi kwanza kuvaa barakoa."

"Kibua siku hizi ni ghali, Bibi," Kaka Deris alisema. "Jione mtu wa thamani."

"Thamani gani, na paka wote wa mjini wananifuata?"

Izzati alicheka. Kaka Deris naye alicheka kidogo, kisha akakuna shingo na kumgeukia Mama, aliyekuwa mlangoni na mwiko mkononi. "Dada Rokiah, nina neno. Naoa, na mchumba wangu ni wa Terengganu, jimbo la jirani. Nahamia hukohuko. Mwezi huu ukiisha, sitapita tena hapa."

Mama alimpongeza kama inavyopasa. Lakini alipogeuka kuingia ndani, Izzati aliuona uso wake, akajua kuwa Mama alikuwa akiwaza jambo moja tu: mwezi ukiisha, Bibi ataifikiaje mashine? Na asipoifikia, je?

Wanawake wa upande ule hawapendi kuweka akiba mahali wasipoiona. Huivaa. Mama alikuwa amenunua bangili zake za dhahabu moja baada ya nyingine, tangu usichana wake, kwa faida ya wali. Zililia mkononi mwake alipokoroga chungu, alipokunja nguo, hata alipomfinya Izzati sikio. Wiki ile alikwenda kwa sonara, akarudi akijisugua vifundo vya mikono kama mtu anayehisi baridi. Jioni aliweka kikombe cha chai mezani, na hakuna kilicholia.

"Hizi ndizo zote," alimwambia Baba, akimkabidhi bahasha. "Tafuta gari dogo, zima. Ukininunulia bovu, sina mkono mwingine."

Baba, Wan Azmi, alikuwa mgema wa utomvu wa mpira, hodari shambani na mpole kupita kiasi mbele za watu. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Alizunguka siku kadhaa akitafuta, na kila gari alilolipenda lilikuwa na bei iliyomrudisha nyumbani. Kisha jioni moja akaja na uso unaong'aa.

"Nimepata," alisema kabla hajavua viatu. "Rangi ya fedha, safi, limetembea kidogo. Bei yake inaingia ndani ya bahasha na chenji inabaki. Liko kwa Mzee Zabidi, kwenye yadi yake ya magari."

Izzati aliacha kutafuna.

Yadi ile aliijua. Aliijua hata kwa upande wa nyuma, ambako wateja hawapiti. Wakati wa mafuriko ya mwisho wa mwaka, shule zilipofungwa, Mzee Zabidi alikuwa amenunua magari yaliyozama huko bondeni, akayabeba kwa lori na kuyapanga nyuma ya ukuta wa mabati. Kisha akawaita watoto wayasugue, maana watu wazima wana midomo. Mama alikuwa amemkataza Izzati kabisa asiguse matope ya mafuriko, kwa sababu mkojo wa panya huchanganyika humo na watu hupata homa ya kuua. Izzati alikwenda kwa siri. Alitaka raketi. Katika timu ya shule ya mchezo wa vinyoya, ni yeye peke yake aliyekuwa akiazima.

Kazi ile ilikuwa ya kutia kinyaa. Matope ya manjano yalikuwa yamejaa kila tundu, mazito kama uji uliochacha, na mazulia ukiyakamua yalitoa maji meusi. Chini ya kiti cha nyuma cha gari moja la fedha, Izzati aliingiza mkono, akashika kitu laini. Alipokivuta kilikatika. Kilikuwa kambare, ameoza, na mkononi mwake kilibaki kichwa. Alitapika palepale kwenye mabati. Mzee Zabidi alimpa soda, akamwambia, "Rudi kazini, binti. Sugua panapoonekana. Pasipoonekana hapana mteja." Siku ya malipo akaongeza, "Mkiulizwa, mlikuwa mkiokota chupa."

Izzati alinunua raketi. Mama alipouliza, alisema kocha amemwazima mwaka mzima. Uongo ule ulikuwa umekaa ndani ya nyumba yao miezi yote hiyo, umetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda chake, na kila mtu aliuona kila siku.

"Labda ni gari jingine," alijiambia sasa. "Magari ya fedha ni mengi." Akameza tonge.

Kesho yake Ijumaa, siku ya mapumziko, familia nzima ilikwenda yadini. Gari la fedha lilikuwa limeegeshwa mbele kabisa, limeng'arishwa hadi unaweza kuchana nywele kwa kujitazama mlangoni. Izzati alizunguka taratibu hadi nyuma. Pembeni mwa kioo palikuwa na kibandiko cha paka asiye na kichwa. Kichwa hicho alikibandua yeye mwenyewe kwa kucha, mpaka kucha ikavunjika na kiwiliwili kikagoma.

"Karibuni, karibuni, ndugu zangu," Mzee Zabidi alikuja akifuta mikono, mnene, mchangamfu, kofia safi kichwani. "Kabla ya gari, tumbo."

Ulikuwa msimu wa doriani. Alitandika mkeka kando ya gari, akalipasua tunda kubwa lenye miiba, harufu yake ikatawala yadi nzima. Baba akala. Mama akala kidogo. Bibi alikatazwa tunda hilo na daktari, akakaa kulitazama kwa huzuni. Mzee Zabidi akafungua milango ya gari, na ndani nako kulinuka doriani vilevile, kukiwa na mafungu ya majani ya pandani chini ya kila kiti ili kutuliza harufu.

"Kwa harufu hiyo mnisamehe," alisema akicheka. "Juzi nilibebea doriani za shambani. Mnamjua wenyewe mgeni huyu. Akishaingia garini, haagi."

Watu wote walicheka, kwani nani kwao hajawahi kubeba doriani akajuta wiki nzima? Hakuna aliyeuliza zaidi. Mwenye yadi alikuwa amelificha gari tangu mafuriko, akingoja msimu wa tunda lenye harufu ambayo kila mtu angeisamehe. Ukilifikiria jambo hilo sawasawa, linachefua kuliko yule kambare.

Macho ya Mzee Zabidi yakamwangukia Izzati. Alimjua. Tabasamu halikumtoka. Alichota nyama ya doriani kwa vidole vyake, laini, ya manjano, akamnyooshea mdomoni. "Kula, mwanangu. Mtoto mwenye adabu huyu, anajua kutunza kinywa."

Kukataa chakula mbele ya wazazi kungekuwa utovu wa adabu. Izzati alikula. Tunda alilolipenda kuliko yote lilimteleza ulimini kama kitu kilichokatika chini ya kiti, akalimeza zima zima huku machozi yakimlenga.

Pembeni, Mama alimnong'oneza Baba, "Funua zulia kwanza."

"Nimfunulie mtu zulia lake, na mdomo wangu bado unanuka doriani yake?" Baba alinong'ona, masikio yamemwiva. "Tumekula kwake, Rokiah. Itakuwa kama kumwita mwizi."

Mama aliliacha zulia lilivyo. Mila ni mila, na Mzee Zabidi aliijua kuliko wao. Ndiyo maana alianza na tumbo.

Mzee Zabidi aliwarudisha nyumbani kwa gari lilelile, ili wapate kulijaribu. Injini ilinguruma vizuri. Bibi na Izzati walikaa nyuma, pamoja na Mama. Hawajafika mbali, Bibi akaanza kunusa, mara huku, mara kule.

"Kuna kitu kimekufa humu," alisema.

"Ni doriani, Mama," Baba alimjibu mama yake mzazi haraka.

"Doriani nimeijua kabla hujazaliwa. Hii iko chini yake. Ni kama nyumba siku maji yanapoondoka."

Mzee Zabidi alimtazama kwenye kioo, kwa upole wa kutisha. "Bibi, usijali. Ugonjwa wa figo huharibu pua. Shemeji yangu alikuwa nao. Mwisho wake alisikia uvundo hadi kwenye waridi."

Bibi alikunja mikono mapajani, akatazama nje. Baba aliona aibu, akaomba radhi kwa niaba yake, na hapohapo, kwa kutaka kufidia, akasema kwamba wamekubali. Kesho asubuhi angeleta fedha. Izzati alisikia yote. Maneno yalikuwa kinywani mwake, lakini kila alipotaka kuyatoa aliona raketi ikining'inia msumarini, na nyuma yake akauona uso wa Mama. Akafumba mdomo. Alijichukia.

Walipofika, Mama alikwenda jikoni na Baba akatoka kwenda msikitini. Bibi alibaki ameketi ngazini. Izzati alimkuta amevuta upindo wa nguo yake, anaunusa. Akanusa na viganja. Mwanamke yule ambaye siku zote alikuwa na jibu kwa kila mtu alionekana mdogo ghafla.

"Zati, njoo," alisema. "Niambie kweli, wala sitakasirika. Nusa mkono wangu. Mimi ndiye ninayenuka?"

Izzati aliushika mkono ule uliojaa alama za sindano. Ulinuka sabuni na dawa ya kuchua. Akalia kwa sauti mpaka Mama akatokeza na kisu cha jikoni mkononi.

"Kuna nini?"

"Bibi pua yake nzima," Izzati alisema kwa kwikwi. "Ni gari. Lilizama. Mimi ndiye niliyelisugua."

Alieleza yote: ukuta wa mabati, matope, kambare, soda, raketi. Alipofika kwenye raketi sauti ilikuwa ndogo sana, lakini aliimaliza. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaweka kisu chini, akanawa mikono kwa muda mrefu, kama kwamba ni yeye aliyeshika matope yale.

"Raketi hiyo nimeipangusa vumbi kila Alhamisi," alisema hatimaye. "Nikamwombea dua kocha wako kwa wema wake."

Izzati aliinama akitazama vidole vyake vya miguu.

"Sikupigi. Ningekupiga ungedhani tumemalizana. Kinyaa ulichokisikia ulipomshika yule kambare, ndicho ninachokisikia mimi sasa. Mwombe Bibi radhi kwanza. Pua ni yake."

Izzati aliomba. Bibi alipangusa macho yake, kisha ya mjukuu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Wewe umesema kabla ya mazishi. Bahati yako, na yangu." Kisha akavuta pumzi ndefu puani, kwa majivuno kidogo. "Nilijua. Kambare, eti?"

Baba aliporudi, habari ilimpiga kama maji ya baridi. Aliketi, akasimama, akaketi tena. "Lakini nilishampa neno," alisema. "Na nimekula kwake."

"Umekula doriani, hukula kiapo," Mama alimjibu. "Na neno ulilompa lilijengwa juu ya uongo wake. Bangili zangu bado zimo kwenye bahasha, Azmi. Nataka zikimsafirisha mama yako, zimfikishe. Gari hilo litazima njiani siku moja, katikati ya mvua, naye amekaa humo na damu chafu. Hapo utamwomba nani radhi?"

Baba alimtazama mama yake pale ngazini. Akaenda kuketi kando yake.

Asubuhi walirudi yadini, Baba, Mama na Izzati. Palikuwa na wateja wengine, na mwenye yadi alikuwa akiwachekea na kuwakaribisha. Mkeka ulikwisha tandikwa. Baba alisimama mbali nao.

"Mzee Zabidi, naomba kwanza kutazama chini ya kiti cha nyuma."

"Ah, Azmi. Jana umekula kwangu, leo unanipekua?"

Masikio ya Baba yaliiva vilevile kama jana. Lakini safari hii hakuomba radhi. "Nimekula, na doriani ilikuwa nzuri, ahsante. Sasa naomba kutazama chini ya kiti."

"Kiti hicho hakifunguki."

"Kinafunguka," Izzati alisema. "Kuna kitanzi chekundu hapo katikati. Ukikivuta, kinanyanyuka."

Hakungoja. Aliingia, akaondoa fungu la pandani, akavuta. Kiti kilinyanyuka, na harufu iliyokuwa imefungiwa chini ya doriani ikatoka yote kwa pamoja. Wateja walirudi nyuma, mmoja akaziba pua kwa kofia. Chini mle matope ya manjano yalikuwa yamekauka na kupasuka, na juu yake umeota ukungu mweupe wenye manyoya. Nyaya zimeshika kutu ya kijani. Mende walikimbia kutoka kwenye mwanga. Katika pembe moja ulibaki uti wa mgongo wa samaki, mweupe, safi, kama kitana.

Mzee Zabidi akamnyooshea Izzati kidole, na sauti yake ikabadilika.

"Muulizeni huyu nani alilisafisha. Muulizeni. Alipokea fedha zangu, akanywa soda yangu. Baba yake anajua? Mama yake anajua alikonunulia raketi?"

Hiyo ndiyo silaha aliyokuwa ameitunza. Jana ingemuua Izzati kwa aibu. Leo aligundua kwamba haina makali.

"Wanajua," alisema. "Niliwaambia jana. Nililisafisha mimi, na nililipwa. Ulituambia tusugue panapoonekana."

Wateja walitazamana. Mwenye yadi aliona mambo yanamwendea mrama, akafungua mikono kwa unyenyekevu. "Jamani, tusiwe wanafiki. Nani kando ya mto huu hajaingiliwa na maji? Nyumba zenu zote zililowa, na bado mnalala humo. Gari langu kulowa ndiyo dhambi?"

Sasa Mama alimsogelea, mikono mitupu isiyo na bangili.

"Nyumba yangu ilizama hadi dirishani," alisema. "Kwenye nguzo ya ngazi tumechora mstari pale maji yalipofika, na mwaka wake. Kila anayeingia kwangu anauona, hata mgeni wa chai. Nyumba zote za kwetu ziko hivyo. Wewe mstari wako uko wapi, Mzee Zabidi? Kulowa si dhambi. Wewe umeufuta mstari, tena umeufuta kwa mikono ya watoto."

Mteja mmoja alikuwa ameanza kunyanyua viti vya gari la jirani. Mwingine alikwisha washa pikipiki yake. Baba alirudisha bahasha kifuani, akawashika mkewe na bintiye mikono, wakaondoka wakipita kando ya mkeka na doriani iliyokwisha pasuliwa. Inzi walikuwa wamekwisha karibia.

Kaka Deris ndiye aliyewapa habari za gari la Mwalimu Letchumi, aliyestaafu kufundisha hesabu na sasa macho yamemkataza kuendesha. Lilikuwa gari la zamani kuliko Izzati, boneti rangi hii, milango rangi ile. Mwalimu hakuwakaribisha chai wala tunda.

"Chai baadaye," alisema. "Kwanza msikie ubaya wake. Kiyoyozi kilikwisha kufa, mtatoka jasho. Mlango huu wa nyuma haufunguki kwa nje. Tairi za mbele zimekwisha, usimpakie mgonjwa kabla ya kuzibadili. Gia ya pili inataka kubembelezwa."

"Na maji, Mwalimu?" Mama aliuliza.

Mwalimu Letchumi aliinama kwa shida, akaonyesha alama hafifu ya manjano kwenye ukingo wa gurudumu. "Yalifika hapa, nikalikimbiza mlimani. Sikuifuta alama hiyo, anayelinunua aione. Leteni fundi wenu, afungue anachotaka. Mkiridhika, ndiyo nitaweka birika."

Fundi alikuja, akafungua, akanusa, akatikisa kichwa kukubali. Bei ilikuwa ndogo, na fedha zilizobaki zikatosha tairi. Mkanda wa kiti cha Bibi ulikuwa umelegea. Izzati aliuza raketi kwa mwenzake shuleni, akamletea Mama fedha. Mama alizitazama bila kuzigusa.

"Hizo ni za matope," alisema. "Zikanunue mkanda, zisafike."

Izzati alirudi kuazima raketi za wenzake, kama zamani, na mara hii kocha alimwazima kweli.

Siku ya kwanza ya gari lile, kabla ya safari ya hospitali, Mama alimwita Izzati kwenye nguzo ya ngazi. Mistari ya miaka mingi ilikuwa pale, mmoja juu ya mwingine. Ule wa mafuriko ya mwisho ulikuwa umefifia kwa jua na mvua. Mama alimpa kopo la rangi na brashi.

"Uchore upya," alisema. "Palepale yalipofika. Usiupandishe, usiushushe."

Izzati alichora taratibu, ulimi nje. Mama alimsimamia hadi mwisho.

"Kila mtu huingiwa na maji siku moja, mwanangu. Hata wewe yalikuingia, ukadanganya. Hilo si mwisho wa mtu. Lakini ukificha yalipofika, unampa kila mwovu kamba ya kukufunga, na walio wako wanakuja kulala juu ya uozo bila kujua. Zabidi alikushika kwa uongo wako mwenyewe, wala si kwa nguvu zake. Ukikosea tena, na utakosea, chora mstari siku hiyohiyo. Tutaujua, tutaishi nao."

"Ndiyo, Mama."

Honi ililia. Bibi alikuwa amekwisha kaa mbele, mkanda mpya kifuani, dirisha limeshushwa. Alivuta pumzi ndefu puani, akatafakari, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Linanuka uzee," alitangaza. "Na mimi ni mzee. Linanifaa. Sasa mnapaka rangi mpaka damu yangu igande, au tunakwenda?"